Karema: Ngome Isiyo na Msanifu

Mji Mkongwe wa Unguja una bahati ya kujua nani aliyeyachora baadhi ya majumba yake. Mahakama Kuu ya Vuga na Beit el-Amani iliyofunguliwa mwaka 1925 ni kazi za John Sinclair, Mwingereza aliyesomea usanifu wa majengo kabla ya kuingia katika utawala, akapanda daraja hata akawa Balozi Mkaazi. Mpita njia akiinua macho kulitazama kuba au tao la mlango, yupo mtu mmoja wa kumsifu au kumlaumu. Maisha ya msanifu huandikika kwa wepesi: alizaliwa, akafundishwa, akapewa kazi, akachora, na kazi zake zimesimama juani kumshuhudia.

Vipi basi huandikwa maisha ya jengo ambalo halikuchorwa na mtu?

Jengo lenyewe liko Karema, ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, katika Mkoa wa Katavi. Kutoka Mpanda, njia huelekea magharibi kwa zaidi ya kilomita 100, ikikata misitu ya miombo na kuteremka hadi ziwani. Mpanda wenyewe, kwa hesabu za Karema, ni mtoto wa jana. Mji huo ulikua kwa machimbo ya madini ya risasi na kwa reli iliyotoka Kaliua kuufikia mwaka 1950. Karema ilikuwa imekwisha kuandikwa katika ramani za Ulaya miaka 70 kabla ya hapo, na sababu ya kuandikwa ni kuta za udongo.

Habari zake zinaanzia mbali na udongo huo. Mwezi wa Septemba 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwaalika wasafiri na wanajiografia mjini Brussels, na katika mkutano huo ikaundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa elimu na kupiga vita biashara ya watumwa. Shabaha iliyofichwa ilijulikana baadaye, na watu wa Kongo ndio walioilipia gharama. Jumuiya iliamua kujenga vituo vya mapumziko kutoka pwani ya Bahari ya Hindi kuelekea kati ya bara, ambamo msafiri wa Kizungu angepata chakula, dawa na ulinzi. Mlango wa kuingilia ulikuwa Unguja, kama ulivyokuwa mlango wa kila mtu katika zama zile.

Unguja iliwapokea kwa mauti. Crespel, kiongozi wa msafara wa kwanza, na mwenzake Maes walifariki kisiwani Januari 1878, kabla ya kuiona bara. Uongozi ukamwangukia Luteni Cambier, kijana wa jeshi la Ubelgiji. Huyo ndiye aliyefika Karema tarehe 12 Agosti 1879 na kukata shauri kwamba hapo ndipo pa kujenga.

Shauri lenyewe lilichekwa tangu siku zile. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskochi ambaye msafara wake uliongozwa na Chuma, yule aliyekuwa mtu wa Livingstone, alipita Karema mwaka 1880 na hakuona sifa ya kuisifu. Njia kuu ya biashara ilikwenda Tabora hadi Ujiji, na Karema ilikuwa kando ya njia hiyo. Ilizungukwa na maeneo ya majimaji yenye homa, na bandari ya maana haikuwapo. Cambier alikuwa na hoja yake: Ujiji kulikuwa na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wenye nguvu kuliko yeye, nako Karema, katika nchi ya Wabende, angeweza kuwa bwana wa nyumba yake. Hoja hiyo ni ya mwanajeshi. Msanifu angeuliza kwanza kuhusu maji, upepo na njia. Mwanajeshi huuliza adui atatokea wapi.

Na maji yalikuwa na mpango wao. Wakati Cambier akipima kilima chake, ziwa lilikuwa karibu, na mtu angeweza kuamini kwamba kituo kimejengwa pwani. Lakini mto Lukuga, upande wa pili wa ziwa, ulikuwa ndio kwanza umezibuka. Cameron aliutambua mwaka 1874 kuwa njia ya maji ya kutoka ziwani, Stanley akaukuta mwaka 1876 umezibwa kwa matope na mimea, na mnamo 1878 kizuizi kile kikaachia. Ziwa lote likaanza kushuka, na katika muda wa miaka 15 hivi lilipungua takriban mita 10. Kila mwaka ukingo wa maji ukazidi kuikimbia ngome. Pale palipokusudiwa mashua zitie nanga pakaota majani, na nyumba iliyokusudiwa kulitawala ziwa ikabaki inalitazama kwa mbali, mithili ya mtu aliyefika bandarini chombo kimekwisha kung'oa nanga.

Kuta zilipanda hivyo hivyo. Zilikuwa kuta nene za matofali ya udongo, na kila neno la sentensi hii lina mikono ndani yake. Udongo ulichimbwa, ukakanyagwa kwa miguu, ukatiwa maji yaliyobebwa kwa vichwa, ukaanikwa, ukapangwa. Barua zilizokwenda Brussels zilisema kwamba Cambier anajenga. Waliokuwa wakijenga ni wapagazi na askari walioajiriwa Unguja na Bagamoyo, ambao bara nzima iliwaita Wangwana, pamoja na Wanyamwezi waliozoea njia hiyo na wenyeji waliokodiwa kwa nguo. Wengi wao walikuwa wamekwenda miezi kadhaa kwa miguu, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi kichwani au begani, ndipo wakaambiwa sasa watue mizigo na wakamate majembe. Walikuja na ujuzi wao. Bara ya Tanganyika ilijua kujenga tembe kabla ya Mbelgiji yeyote, na pwani ilijua kupanga ukuta. Mtu akitaka kumtafuta msanifu wa Karema, aanze na ujuzi huo uliokutana katika shimo moja la udongo.

Tatizo la mizigo ndilo lililomleta katika habari hizi mtu wa Ireland, na habari zake zinastahili kusimuliwa kwa kituo.

Mzigo wa frasila mbili kwa kichwa kimoja maana yake ni kwamba kituo cha Karema kililishwa na mamia ya watu. Nguo na shanga za kulipia hongo, baruti, dawa, zana za ujenzi, vyote vilisafiri juu ya utosi wa binadamu. Ng'ombe na punda waliuawa na mbung'o. Ndipo Brussels ikapata wazo, na ni wazo la mtu anayeitazama ramani mezani: ndovu wa Bara Hindi hufanya kazi, na Afrika imejaa ndovu, basi wachukuliwe ndovu waliofunzwa wa Kihindi, wapelekwe Karema wabebe mizigo, kisha watumike kuwakamata na kuwafundisha ndovu wa Kiafrika. Njia ya kutoka bahari hadi ziwa ingegeuka barabara ya ndovu, na mpagazi angepumzika. Au, kwa maneno ya mhasibu, asingelipwa tena.

Aliyepewa kazi hiyo ni Frederick Carter, mzaliwa wa Ireland aliyewahi kufanya kazi Mesopotamia, nchi iitwayo leo Iraki. Mwishoni mwa Mei 1879 meli kutoka Bombay ilitia nanga mbele ya Msasani, karibu na Dar es Salaam, ikiwa na ndovu wanne pamoja na wachungaji wao wa Kihindi. Gati haikuwapo. Ndovu walishushwa baharini, wakaogelea hadi pwani. Wakaazi wa Msasani, watu wa kijiji cha wavuvi, walisimama kutazama wanyama wanne wakitoka katika maji ya chumvi na watu migongoni mwao. Ndovu waliwajua, lakini ndovu anayetii lilikuwa jambo geni kabisa.

Majina yao yamehifadhiwa: Sundergrund, Naderbux, Sosankalli na Pulmalla. Jambo hili linashangaza na linauma kidogo. Kati ya viumbe wote waliotoka Msasani mwezi Julai ule kuelekea bara, Wazungu wana majina na ndovu wana majina. Wapagazi wana idadi.

Safari ilianza vyema kuliko walivyotarajia wenye shaka. Ndovu walipita matopeni, wakapanda vilima, wakala majani ya njiani, na hata kuumwa kwao na mbung'o hakukuwaangusha kama kunavyomwangusha ng'ombe. Watu wa vijiji walijitokeza kwa wingi kuwaona. Lakini mizigo ilikuwa mizito, mwendo ulikuwa mrefu, na malisho ya porini hayakuwa yale ya nyumbani kwao. Ndovu wa kwanza alikufa Mpwapwa. Wawili wengine wakafuata kabla ya mwisho wa safari. Mwezi wa Desemba 1879 Carter aliingia Karema, chini ya kuta zilizokuwa bado zinajengwa, na ndovu mmoja tu: Pulmalla. Naye hakuishi sana baada ya hapo.

Kwa kipimo cha biashara, jaribio lilianguka. Kwa kipimo cha haki, haifai kumfanyia Carter mzaha. Alifikisha mnyama wa Kihindi kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Tanganyika kwa miguu, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Na wazo lenyewe halikufa. Miaka 20 baadaye na zaidi, Wabelgiji walianzisha kaskazini mwa Kongo kituo cha kuwafuga ndovu wa Kiafrika, na ndovu wale walilima na kuvuta magari. Kosa lilikuwa katika haraka na katika kuamini kwamba nchi nzima ni barabara inayosubiri mchoro.

Carter alikaa Karema miezi kadhaa akiwa na mwenzake Cadenhead, akisubiri amri. Mwezi wa Juni 1880 waliondoka pamoja kurudi pwani. Walipofika Mpimbwe, nchi ya Wapimbwe ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Katavi, walikuta vita si vyao vikiwajia. Mtemi Mirambo wa Urambo na mshirika wake Simba wa Ukonongo walikuwa wanakuja kukipiga kijiji walichofikia. Wazungu wale wawili waliuawa humo, pamoja na wengi wa wapagazi na askari wao. Mirambo alijitetea baadaye kwamba ugomvi wake ulikuwa na Wapimbwe, wala hakuwakusudia wageni. Utetezi haukumfaa. Konseli wa Uingereza kisiwani Unguja, Dokta John Kirk, aliyekuwa akimtazama Mirambo kama mtu wa kuaminiwa, alimpa kisogo, na mlango wa urafiki baina ya Urambo na Waingereza ukafungwa.

Kifo cha wale wawili kiliandikwa katika magazeti ya Ulaya. Kifo cha watu waliouawa nao kiliandikwa pia, kwa namna yake: kama hasara ya msafara. Yapo majumba ya Ng'ambo, Bagamoyo na Pangani ambamo mwaka ule mtu alingojewa na hakurudi, na mshahara wake ukawa suala la kujadiliana na mdhamini. Habari za bara zilifika pwani kwa midomo ya misafara mingine, na mjane aliweza kukaa mwaka mzima hajui avae kaniki au asivae. Katika hesabu za ujenzi wa Karema, hizo nazo ni gharama, ingawa hazimo katika daftari lolote la Brussels.

Ngome iliendelea kupanda, na wakuu wake wakaendelea kubadilika. Ramaeckers alichukua nafasi ya Cambier, akaizidisha kazi ya ujenzi, akafa hapo hapo Karema Februari 1882. Jérôme Becker alishika baada yake, na ndiye aliyeandika kitabu kirefu kuhusu maisha ya kituoni. Kisha akaja Émile Storms, na kwa Storms jengo lilipata sura yake ya mwisho ya kijeshi.

Storms hakuridhika na ukingo mmoja. Mwaka 1883 alivuka ziwa akajenga kituo kingine Mpala, na huko akaanza kuishi kama mtawala. Desemba 1884 askari wake walimuua mtemi Lusinga wa Watabwa, kichwa chake kikakatwa, na fuvu likasafiri na Storms hadi Ubelgiji, likawekwa miongoni mwa mali za makumbusho. Mchana Storms alihimiza kazi ya kuta, na ni mtu huyo huyo aliyebeba fuvu la jirani yake. Mwaka 2022 sanamu yake iliondolewa katika bustani mojawapo ya Brussels. Ilichukua miaka 137 tangu aondoke Karema.

Aliondoka kwa sababu ramani ilikuwa imegeuka. Mkutano wa Berlin uliomalizika Februari 1885 ulimpa Leopold Kongo, na mtu aliyekwisha kuipata Kongo kwa mlango wa magharibi hakuhitaji tena ngazi ya vituo kutoka Unguja. Ukingo wa mashariki wa ziwa ulikuwa unaelekea mikononi mwa Wajerumani. Ngome iliyogharimu maisha ya watu wa mabara matatu, na ndovu wanne, ikawa haina kazi kabla haijatimiza miaka sita. Mwaka huo huo ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa Algeria na Kardinali Lavigerie, ambao walikuwa ziwani tangu 1879.

Hapo ndipo jengo lilipoanza maisha ambayo hakuna aliyeyakusudia. Kuta zilizojengwa kumtisha jirani zikawa kimbilio la jirani. Watu waliokombolewa utumwani, watoto wasiojulikana kwao ni wapi, na wenyeji waliokimbia mashambulizi ya wawinda watumwa walikuja kuishi chini ya boma. Ni kweli kwamba kimbilio hilo lilikuwa na masharti yake, na kengele iliyoamua saa ya kuamka ilikuwa ya padri. Hata hivyo, lango lilikuwa ni la kuingilia, na usiku wa hatari hilo ndilo alilolitazama mtu.

Aliyeishi Karema kwa muda mrefu kuliko wakuu wote wa kijeshi wakijumlishwa ni Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi za mto Niger, Afrika ya Magharibi, akatekwa utotoni, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria. Walimpeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, katekista na tabibu, akaoa binti wa mtemi wa Kibende, na hakuondoka tena. Alitibu macho, majeraha, kuumwa na nyoka na uzazi mgumu, akijifunza pia miti shamba ya wenyeji, hadi kifo chake mwaka 1956. Ni miaka 67. Mwanawe akawa padri. Habari za maisha yake aliziandika mwenyewe, zikachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na ni maandishi ya mtu asiyejikweza.

Cambier alikichagua kilima ili asiingiliwe. Miaka kumi tu baadaye akawasili mtu aliyefanya kinyume: alitaka kila mwenye maumivu amwingilie saa yoyote. Mtumwa wa zamani kutoka Niger aliingia katika nyumba ya mfalme wa Wabelgiji akaipa kazi. Kama usanifu ni kuamua nafasi itumikeje na mtu aingiaje ndani yake, basi Atiman hakuchora tao wala dirisha, lakini alifanya sehemu ya kazi hiyo ambayo penseli haiwezi kuifanya.

Jina la Karema lilipanda, kisha likashuka pamoja na ziwa. Kwa muda lilikuwa jina la jimbo zima la Kanisa. Mwaka 1953 ilitangazwa Dayosisi ya Karema. Mwaka 1969 dayosisi ikabadilishwa jina ikaitwa Sumbawanga, kwa kuwa kiti cha askofu na njia za magari vilikuwa huko, na Mpanda ikapata dayosisi yake mwaka 2000. Karema ikabaki kijiji cha wavuvi wa dagaa na migebuka na wakulima wa mpunga, chenye misheni ya kale juu ya kilima. Mgeni akifika huoneshwa kuta, na huambiwa, kwa usahihi mtupu, kwamba hapo zamani palikuwa na ngome ya Wabelgiji.

Katika miaka ya karibuni Serikali imejenga bandari mpya Karema, ili mizigo ya Kongo ipite hapo kuelekea Mpanda na reli. Ni wazo lile lile la 1879, kuunganisha ziwa na bahari kwa njia moja, ila safari hii kuna wahandisi, vipimo vya kina cha maji, na majina yaliyotiwa saini chini ya kila mchoro. Na ziwa nalo tangu 2020 limepanda kwa kiasi cha kuingia katika mitaa ya Bujumbura na Uvira. Maji yaliyoikimbia ngome ya Cambier yamo katika mwendo tena.